Mwakilishi wa Darasa la Mtandaoni Si Sheikh

  

Ndugu msomaji, tangu jarida letu la mwaka jana litoke, wazazi watatu wamenifuata kwa nyakati tofauti na suala lile lile. Mtoto wao, ambaye ni mwanafunzi wa madrasa yetu, ameombwa na walimu wa darasa fulani la mtandaoni awe "mwakilishi wa kujitolea". Hakuna mshahara wala posho, na hata bando la intaneti anajinunulia mwenyewe. Mzazi wa kwanza alikuwa amekwishakataa kabla hajanifikia, kwa hoja kwamba simu imeshaharibu watoto wa kutosha. Wa pili alikuwa na furaha kubwa na akataka jambo hilo litangazwe mbele ya wanafunzi wote baada ya Laasiri. Wa tatu, mama wa binti wa Kidato cha Tatu, ndiye aliyeuliza suala lenye maana zaidi. Alitaka kujua huyo mwakilishi hasa anafanya nini.

Naandika makala hii kwa ajili ya suala lake, kwa sababu naona wengi wetu tunakubali au tunakataa kitu tusichokijua. Rai yangu naiweka wazi mapema. Kijana mwenye umri wa kutosha na adabu akubali kazi hii, na mzazi wake amruhusu. Lakini akubali akijua kwamba yeye ni mfikishaji wa maneno ya mwalimu, wala si mwalimu. Madhara mengi niliyoyaona katika makundi haya yalianza pale mfikishaji alipojisahau.

MAKUNDI HAYA YALITOKA WAPI

Wanafunzi wetu wadogo wanadhani intaneti imekuwapo siku zote. Sisi tuliosoma miaka ya mwanzo ya 2000 tulikuwa tunalipia dakika kwenye vibanda vya intaneti, na ukurasa mmoja ulichukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Mambo yalianza kubadilika Julai 2009, mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam na Mombasa. Hata hivyo, kusoma dini au hesabu kwa njia ya simu kulibaki jambo la watu wachache.

Kilichowaingiza watoto wetu kwa wingi ni ugonjwa wa korona. Machi 2020 shule zilifungwa Tanzania nzima. Kidato cha Sita walirudi Juni 1, na wengine wote Juni 29, 2020. Kenya walikaa muda mrefu zaidi, hadi Januari 2021 ndipo madarasa yote yaliporejea. Katika miezi ile walimu wengi walianza kusomesha kwa WhatsApp na Telegram. Wengine walisomesha tajwidi, wengine lugha ya Kiarabu, na wengine hesabu na fizikia kwa wanaojiandaa na mtihani wa Kidato cha Nne. Shule zilipofunguliwa, makundi mengi hayakuvunjika.

Sasa angalia jinsi kazi ya mwakilishi ilivyozaliwa. Hadi mwaka 2022 kundi moja la WhatsApp halikuweza kuzidi watu 256, na leo mwisho wake ni 1,024. Mwalimu mwenye wanafunzi 2,000 ilimbidi awe na makundi manane. Mtu mmoja hawezi kukaa katika makundi manane, akajibu salamu, akapokea wageni, akaondoa matangazo ya biashara ya watu, na bado akaandaa somo. Kwa hiyo kila kundi likahitaji mtu wa kusimama badala yake. Huyo ndiye mwakilishi. Majina ni mengi, wapo wanaomwita admini, balozi, msimamizi au kiongozi wa kundi. Mimi ningependa tumwite kwa jina lake la zamani.

MUSTAMLI

Kila mwanafunzi analijua neno imla, kwa sababu mwalimu husoma nanyi mkaandika. Neno hilo ni la Kiarabu, imlaa, na katika historia ya elimu ya Hadithi kulikuwa na vikao maalumu vya imlaa. Sheikh alikaa, akasoma Hadithi pamoja na isnadi yake, na watu wakaandika. Watu walipozidi, sauti ya sheikh haikuwafikia waliokaa nyuma. Hapo ndipo aliposimama mtu wa kuyarudia maneno ya sheikh kwa sauti kubwa, neno kwa neno, ili waliokaa mbali wayapate. Mtu huyo aliitwa mustamli.

Kazi yenyewe ina mfano tangu zama za Mtume (S.A.W.). Abu Daud amepokea kwamba Mtume alipokuwa akiwahutubia watu Mina juu ya nyumbu, Ali (R.A.) alikuwa akiyafikisha maneno yake kwa watu, kwani umati ulikuwa mkubwa, wengine wamesimama na wengine wamekaa. Huko Baghdad, katika karne ya tatu ya Hijria, kazi hii ikawa ya kawaida. Inapokewa kwamba kikao cha Asim bin Ali, aliyefariki mwaka 221 Hijria, kilijaa watu hata wakakadiriwa kuzidi laki moja, na mustamli wake aliyeitwa Harun alikuwa akipanda juu ya mtende uliopinda ili sauti yake iende mbali. Tuseme makadirio ya zamani yalikuwa ya macho tu, hata robo yake ni umati mkubwa. Na huyo Harun juu ya mtende ndiye mwakilishi wetu mwenye simu mkononi.

Wanazuoni hawakuiacha kazi hii bila adabu. Abdulkarim as-Sam'ani wa Merv, aliyefariki mwaka 562 Hijria, aliandika kitabu kizima juu ya adabu za kikao cha imlaa, na humo akamzungumzia mustamli. Awe mahali pa juu, asikike. Awe macho, asiwe mzito wa kufahamu. Ayafuate matamko ya sheikh wala asiyageuze.

Sharti hilo la kuwa macho halikuwekwa bure. Kuna kisa mashuhuri cha Yazid bin Harun, muhadithi mkubwa wa Wasit aliyefariki mwaka 206 Hijria. Alisema katika kikao kwamba Hadithi fulani amesimuliwa na "idda", yaani na watu kadhaa. (Si eda ya mjane hiyo, ingawa mzizi wa maneno ni mmoja, nao ni kuhesabu.) Mustamli wake akadhani Idda ni jina la mtu, akapaza sauti kuuliza huyo Idda ni mtoto wa nani. Sheikh kwa kuchoka akamtungia baba wa Idda papo hapo, jina ambalo maana yake ni kutamani yule mustamli apotee asimwone tena! Wanafunzi wangu hucheka kila ninapowasimulia, nami huwaacha wacheke, kisha nawauliza ni mara ngapi wameona katika makundi yao tangazo limegeuzwa kwa namna hiyo hiyo.

Liko jambo jingine la wanazuoni hao ambalo naliona kubwa. Walijadiliana juu ya mtu aliyekaa nyuma, asimsikie sheikh mwenyewe bali akamsikia mustamli tu. Je, anaweza kusema amesikia kwa sheikh? Wapo walioruhusu. Ibn as-Salah, aliyefariki mwaka 643 Hijria, aliona haijuzu mpaka abainishe hali ilivyokuwa. Hebu fikiri, watu hawa waliona kwamba hata mfikishaji mwaminifu aliyesimama mbele ya sheikh mwenyewe, wote wakimwona, lazima atajwe kuwa yumo katikati. Leo ujumbe unapita kwa watu ishirini, kisha unaandikwa juu yake "Sheikh kasema".

KAZI YA KILA SIKU

Mama yule aliuliza anafanya nini. Sehemu kubwa ya kazi ni ndogo ndogo, na ndizo zinazochosha. Chukua saa. Madarasa ya Kiswahili yana wasikilizaji Tanga, Mombasa, Maskat na London. Maskat wametutangulia saa moja. London wako nyuma yetu saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa joto, kwa sababu Waingereza hugeuza saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Mwalimu aliyeko London akisema darasa ni saa mbili usiku kwake, Januari sisi tutalipata saa tano usiku na Julai saa nne usiku. Makka na Madina hazina shida, saa zao na zetu ni moja. Isitoshe, ndugu zetu wa Ulaya wamezoea saa ya kizungu, huandika "saa 8:00" wakikusudia jioni, na mtu wa Tanga akaisoma kuwa saa nane mchana. Mwakilishi mzuri haishii kusambaza tangazo kama lilivyokuja. Huandika chini yake: saa mbili usiku kwa saa za Afrika Mashariki, baada ya Isha. Maneno machache tu, lakini bila hayo nusu ya darasa hukosa somo.

Halafu kuna bando. Somo la saa moja la sauti tupu hula megabaiti chache, na lile la video hula mamia. Mwalimu aliyeko mahali penye intaneti ya bure hawezi kulijua hilo mpaka aambiwe. Namfahamu mwakilishi mmoja, kijana wa Kidato cha Sita, aliyemwandikia mwalimu wake kwa adabu kwamba wanafunzi wa vijijini wanaondoka mmoja mmoja, si kwa uvivu bali kwa gharama. Mwalimu akaanza kutuma sauti pamoja na kurasa za maandishi ambazo mtu anaweza kuzichapisha steshenari. Kwangu mimi, kijana yule alifanya kazi kubwa kuliko mtu aliyejibu maswali mia. Uwakilishi una pande mbili. Unafikisha ya mwalimu kwa wanafunzi, na unafikisha ya wanafunzi kwa mwalimu. Wengi hulisahau hili la pili.

Mengine ni kukaribisha wageni, kuwaonyesha somo la kwanza liko wapi, kufuta matangazo ya mikopo na dawa za miujiza, na kukusanya maswali yaliyokaa bila jibu ili yamfikie mwalimu yakiwa yamepangika. Hapo kwenye maswali ndipo penye hatari.

SWALI LA USIKU

Ramadhani moja, katika kundi ambalo sitalitaja, mama mmoja anayenyonyesha aliuliza usiku kama ana ruhusa ya kula, kwani maziwa yalikuwa yanapungua na mtoto analia. Mwalimu alikuwa amelala. Mwakilishi, kijana wa miaka kumi na saba, mwenye sauti nzuri ya Qur'ani na nia njema kabisa, alimjibu ndani ya dakika moja kwamba hana ruhusa, kwa sababu yeye si mgonjwa wala msafiri. Mama akaendelea kufunga. Zilipita siku tisa ndipo mwalimu alipoliona jibu lile, akamweleza kwamba mwenye kunyonyesha akihofia nafsi yake au mtoto wake anayo ruhusa ya kula na atalipa baadaye, na akamfafanulia suala la fidia. Mtoto alikuwa amekwishapelekwa zahanati.

Sikumlaumu kijana kwa kutojua, kwa maana miaka kumi na saba si umri wa kujua yote, na hata waliozama katika fiqhi hawakuona haya kunyamaza. Inapokewa kwamba Imamu Malik aliulizwa maswali 48, na katika 32 alijibu kwamba hajui. Ninachokisema ni kwamba kijana yule hakuwa na kazi ya kujibu. Kazi yake ilikuwa kumpigia mwalimu, au kumwambia mama amtafute mwalimu wa mtaani kwake kabla ya alfajiri. Katika Suratul Israai, aya ya 36, tumekatazwa kuyafuata tusiyo na elimu nayo. Mama aliamini jibu kwa sababu lilitoka kwa mtu ambaye jina lake lina alama ya msimamizi wa kundi. Kwake yeye, alama ile ilikuwa kilemba.

Hatari hii haiko katika masuala ya dini tu. Mwakilishi wa kundi la hesabu anayetuma majibu ya mtihani wa majaribio aliyoyapata kwingine, bila kuyafanya mwenyewe, anawapoteza wanafunzi mia mbili kwa mkupuo mmoja. Kuna mfano mkubwa wa jambo hili nje ya makundi yetu. Mwaka 2010 wenye kusimamia Wikipedia, ile ensaiklopidia ya mtandaoni inayoandikwa na watu wa kujitolea, walianza mpango katika vyuo vikuu vya Marekani. Wanafunzi waliandika makala kama sehemu ya masomo yao, na katika kila chuo waliwekwa mabalozi wa kujitolea kuwafundisha namna ya kuandika. Mwaka 2011 mpango ukapelekwa mji wa Pune, India, kwa mamia ya wanafunzi kwa pamoja. Ikabidi mabalozi wapatikane haraka, na wengi wao walikuwa wageni katika kazi hiyo hiyo waliyotakiwa kuifundisha. Matokeo yake wanafunzi wengi walinakili maandishi ya watu wengine na kuyaweka kana kwamba ni yao. Waandishi wazoefu wa Wikipedia, ambao nao wanajitolea, wakaachiwa mzigo wa kusafisha, na kabla ya mwaka huo kumalizika mpango wa Pune ukasimamishwa.

Mwaka uliofuata, 2012, walianza Cairo, katika Chuo Kikuu cha Cairo na Ain Shams, kwa Wikipedia ya Kiarabu. Safari hii walianza na madarasa machache, na waliosimama na wanafunzi walikuwamo waandishi walioijua kazi. Mambo yakaenda vizuri. Tofauti ya Pune na Cairo haikuwa akili za wanafunzi. Nawaomba walimu wanaofungua makundi kila wiki na kutafuta wawakilishi hamsini kwa fomu moja waisome habari hiyo.

JE, MTU AOMBE NAFASI HII?

Baadhi ya vijana wetu wameniuliza kama inafaa kuijaza hiyo fomu ya kuomba. Wanaikumbuka Hadithi ya Abdurrahman bin Samura (R.A.), iliyo katika Bukhari na Muslim, ambayo ndani yake Mtume (S.A.W.) alimkataza kuomba uongozi, akamweleza kwamba anayepewa kwa kuomba huachiwa nao peke yake, na anayepewa bila kuomba husaidiwa. Upande wa pili wapo wanaotaja kwamba Nabii Yusuf (A.S.) aliomba asimamie hazina za Misri, kama ilivyo katika Suratu Yusuf, aya ya 55.

Mimi naona kazi hii iko karibu zaidi na kufagia msikiti kuliko na uongozi, na hakuna aliyekatazwa kuomba fagio. Lakini tukiwa wakweli, fomu nyingi haziombwi kwa ajili ya fagio. Zinaombwa kwa ajili ya cheti kinachotolewa mwisho wa mwaka, fulana yenye nembo, na jina kuonekana na watu wengi. Cheti si haramu, na kijana anayetafuta chuo atakihitaji. Ila kama kijana hawezi kukaa wiki mbili akifanya kazi hiyo bila jina lake kutajwa, asijaze fomu. Na angalieni alivyojieleza Nabii Yusuf. Alitaja kwamba ni mwenye kuhifadhi na mwenye ujuzi. Wengi wetu tuna moja kati ya hayo mawili.

Njia ninayoipendelea ni kijana ateuliwe na mwalimu anayemjua kwa macho, awe amekaa katika darasa hilo kama mwanafunzi kwa muhula mzima usiopungua, na awe amelimaliza somo analolisimamia. Asiyemaliza juzuu ya kwanza ya kitabu cha Kiarabu hawezi kujua mwanafunzi mpya anakwama ukurasa gani.

KWA WAZAZI

Mzazi aliyekataa moja kwa moja namheshimu, na sababu yake naijua. Lakini mtoto wake tayari yumo ndani ya kundi, simu tayari anayo usiku, na kumkataza uwakilishi hakukupunguza hata dakika moja. Kumemwondolea tu kazi yenye faida na kumwachia ile isiyo na faida. Huyo wa kutaka kutangaza naye namwomba asubiri.

Umri una maana. WhatsApp wenyewe wanataka mtumiaji awe amefikia miaka 13, nami kwa kazi hii ningesema si chini ya miaka 16, na mwaka wa mtihani wa taifa aipumzishe. Mwakilishi aliyefeli hesabu zake akisimamia kundi la hesabu ni kichekesho kichungu, na nimemwona. Muda uwekwe. Kazi ifanywe kati ya Laasiri na Maghrib, au baada ya Isha kwa nusu saa, sebuleni, kisha simu irudi kwa mzazi. Ujumbe wa saa sita usiku unaweza kungoja, na kama hauwezi kungoja, basi si wa kujibiwa na mtoto.

Kundi la wavulana liwe na mwakilishi mvulana na la wasichana liwe na msichana, na katika kila kundi awemo mtu mzima anayejulikana na wazazi. Mwakilishi asiwasiliane na mwanachama faragha. Anayemwandikia pembeni amrejeshe kwenye kundi au kwa mwalimu. Wapo watu wazima wanaojificha nyuma ya jina la "mwanafunzi" wakitafuta watoto wa watu, na mwakilishi, kwa kuwa namba yake iko wazi kwa wote, ndiye wa kwanza kufuatwa. Binti anayeandikiwa na mtu asiyemjua aweze kumwonyesha mama yake simu bila kuogopa kunyang'anywa. Akishaogopa kunyang'anywa atanyamaza, na hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Fedha asiziguse. Michango ya kumsaidia mgonjwa, ya kununua misahafu, ya kumlipia mwalimu bando, yote iende kwa mtu mzima mwenye kutoa risiti. Nimeona urafiki wa miaka kumi ukivunjika kwa shilingi elfu thelathini zilizotumwa kwenye simu ya mtoto.

Na orodha ya majina. Mwakilishi hukusanya majina, shule, miaka na namba za simu za watoto wa watu. Hiyo ni amana kama amana nyingine, na amana inarudi kwa wenyewe. Zaidi ya hayo sasa ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, kwa hiyo mambo haya si ya hiari tena. Orodha isitumwe kwa muuza vitabu, wala kwa kundi jingine linalotafuta wanachama, wala kwa chama chochote, hata kama anayeiomba ni mtu wa heshima.

Mwisho, uwakilishi uwe na muda wake, mwaka mmoja unatosha. Katika miezi miwili ya mwisho mwakilishi amchukue mwenzake mdogo, amwonyeshe maswali yanayorudiwa kila muhula, namna ya kugeuza saa za London, nani wa kupigiwa simu likija suala la ndoa au la mgonjwa, na ni masuala gani yasiyojibiwa na yeyote isipokuwa mwalimu. Kisha amkabidhi usimamizi mbele ya mwalimu, awaage wanakundi kwa salamu, afute orodha kwenye simu yake, na arudi kukaa katika darasa lile lile kama mwanafunzi.